Mashauri Yalipojaa Barazani

Nakumbuka asubuhi moja mwishoni mwa masika, mwanangu, nilipofunga kanga yangu vizuri nikashika njia ya mashambani kwenda kumwambia Mzee Salehe kwamba kiti changu cha barazani sikitaki tena. Nakusimulia habari hii kwa sababu ya malalamiko yako ya jana. Hujamaliza hata mwaka kwenye hilo baraza la ardhi la Kilosa, na tayari unaniambia mashauri yanazidi kila ukikaa, watu wameharibika, dunia imekwisha. Ngoja nikueleze ya kwetu.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Mvumi, na kilikuwa kipya kabisa. Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa, na sisi wa milimani tuliteremshwa na virago vyetu na kuku tuliowafunga miguu, tukapangiwa nyumba pamoja na wenyeji wa bondeni. Sitakudanganya kwamba wote tulishuka tukiimba. Mama yangu alililia migomba yake njia nzima. Lakini mimi nilikuwa kijana, nimeolewa karibuni, nimesomeshwa na misheni, na jioni nilifundisha elimu ya watu wazima kwenye ghala la pamba. Maisha yale ya kuishi wengi pamoja yalinipendeza sana.

Kijiji kilikuwa na baraza la usuluhishi, yaani wazee waliokaa kila Jumamosi kwenye kibaraza cha ghala kusikiliza ugomvi kabla haujafika mahakamani. Wote walikuwa wanaume, na kazi yao ilikuwa nyepesi. Mbuzi wa huyu kala mihogo ya yule, basi. Walimaliza kabla jua halijachoma, wakaenda kunywa togwa. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Salehe, mkulima wa mpunga, mtu wa swala tano na utani usiokwisha. Ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji akasema ni lazima barazani aingie mwanamke. Wakanichagua mimi, nadhani wengine kwa sababu tu nilijua kuandika haraka.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Jumamosi ya kwanza alikuja mama mmoja, akachungulia kwanza kuhakikisha kweli nimekaa pale na wazee, ndipo akaingia. Jumamosi iliyofuata wakaja wengine. Huyu kafiwa na mume, shamba limechukuliwa na shemeji. Yule mumewe kaenda kukata mkonge na haleti hata salamu. Wajane ndio waliokuwa wengi kuliko wote. Tukawa tunakaa hadi alasiri, wazee wananung'unika kwa njaa, na nje bado kuna foleni.

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Mathayo, hakufurahi. Hakuwa mtu mbaya, alitamani tu kijiji chetu kisifiwe. Katibu tarafa alikuwa anakuja kukagua vijiji, na Mathayo alitaka atukute tumetulia kama maji ya mtungini. Siku moja akanikuta kisimani.

"Damari," aliniambia mbele ya watu wote, "kabla hujaingia wewe, kijiji hiki kilikuwa na amani. Sasa kila mke ana kesi. Unawachochea!"

Wanawake wenzangu wakainamisha macho kwenye ndoo zao. Jioni mama mkwe naye akaniuliza, kwa upole wake, kama ni kweli navunja nyumba za watu. Sikulala vizuri, mwanangu. Nilianza kuamini kwamba kweli mimi ndiye niliyeleta ugomvi kijijini.

Ndiyo maana asubuhi ile nikaenda kwa Mzee Salehe. Nilimkuta kwenye mpunga wake akifukuza ndege kwa kombeo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna hivyo?"

Nikamweleza yote, na nikamwambia najiuzulu. Sijawahi kumwona amekasirika kama siku ile. Akashusha kombeo.

"Zahanati ilipofunguliwa hapa, wagonjwa walizidi au walipungua?"

"Walizidi."

"Nani aliwaambukiza? Daktari?"

Nikashindwa kujizuia, nikacheka. "Hapana, mzee. Walikuwa wanaugulia ndani."

"Sasa wewe unataka tufunge zahanati ili tusifiwe kwamba hatuna wagonjwa! Usiniletee tena maneno hayo. Haya, shika hili kombeo, mkono wangu umechoka."

Nikafukuza ndege wa Mzee Salehe mpaka mchana, na kiti changu nikabaki nacho.

Siku ya mgeni ikaangukia Jumamosi. Mathayo akapitisha tangazo kwamba baraza halitakaa. Mzee Salehe alisikia vizuri sana, akabeba kiti chake, akaenda kukaa palepale. Nami nikakaa kando yake. Wa kwanza kuingia alikuwa Zaina, jirani yangu, pamoja na mumewe Athumani.

Gari la katibu tarafa lilikuwa limenasa kwenye tope mtoni, kwa hiyo mgeni akaja kwa miguu, suruali imekunjwa, akatokea kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Mathayo akaja mbio nyuma yake akifunga vifungo vya shati. Mgeni akatusalimu, akaketi kwenye gunia la pamba.

"Endeleeni tu," akasema.

Zaina akaendelea. "Baiskeli ile ilinunuliwa kwa mpunga niliolima mimi. Tukienda Kimamba mashineni kukoboa, mwenzangu anapanda, mimi niko nyuma na gunia kichwani. Akifika kwanza ananisubiri kivulini, halafu ananiuliza kwa nini nimechelewa!"

Watu wakaangua kicheko. Athumani akajikuna kichwa. "Mzee, nikionekana nasukuma baiskeli na mke yuko mikono mitupu, watu watasema nini?"

"Kwani sasa hivi wanasema nini?" Mzee Salehe akamuuliza.

Katibu tarafa alicheka mpaka akavua miwani kujifuta machozi. Baraza likaamua gunia lipande baiskeli na Athumani aisukume, na wakirudi bila mzigo Zaina akae nyuma. Athumani alikubali upesi. Nadhani tangu mwanzo alichoogopa ni kuchekwa na wenzake tu, na kuchekwa kwenyewe ndiyo hivyo kulikuwa kumekwisha.

Kisha mgeni akamgeukia Mathayo. "Ndugu mwenyekiti, kijiji nilikotoka wameniambia hawana shauri hata moja. Hapa kwako naona umati. Kuna nini?"

Nilijua sasa Mathayo ataninyooshea kidole. Jasho lilikuwa likimtoka. Alinitazama, akamtazama Zaina ambaye bado alikuwa anatabasamu, akatazama wale akina mama waliosubiri zamu.

"Hapa wanasikilizwa, ndugu," akasema.

Maneno hayo aliyatoa wapi, mpaka leo sijui. Labda ni woga, labda moyo wake ulifunguka palepale. Mgeni akasema atawaleta wenzetu wa kile kijiji kisicho na mashauri waje wajifunze, na tangu siku ile Mathayo alitembea kifua mbele, akisimulia habari za baraza kama vile alilianzisha yeye. Sisi tulimwacha afurahi.

Mashauri yaliendelea kuongezeka mpaka baada ya mavuno. Mzee Salehe akaona hawa wajane wote wana shauri lilelile. Akalipeleka kwenye mkutano mkuu, na kijiji kikakubaliana kwamba mjane habanduki kwenye shamba analolima. Foleni ikakatika. Na waume wengi wakaanza kusema, "Mke wangu, tuyamalize hapahapa, Jumamosi haijafika."

Kwa hiyo, mwanangu, usiwalaumu watu kwa sababu wamejaa mlangoni pako. Jiulize ni nani anakuja leo ambaye zamani hakuthubutu, umpishe akae. Tafuta jambo moja linalowaleta wengi, uliseme mbele ya wenye uwezo wa kulirekebisha. Na ikitokea siku mlango uko wazi na hakuna anayeingia, usikimbilie kushangilia. Toka, uwaulize majirani kama wamepona au wamekukatia tamaa.

Nenda kazini kwako kwa amani. Mungu akupe sikio lisilochoka na ulimi wenye utani kidogo, na anayekuja kwako analia, Mwenyezi amjalie aondoke anacheka. Amina.