Mkono wa Abti Mnadani Oldonyiro

Sikwenda Oldonyiro kununua mbuzi. Mama alinituma nimlinde kaka yake, Abti Yusuf, kama Wasomali tunavyomwita mjomba, dalali wa mifugo aliyekataa katakata kupumzika. Daktari alikuwa amemkuta na damu iliyoganda kwenye vali ya moyo, bila kijidudu chochote cha kulaumiwa. Kipande kikimeguka na kupanda kichwani, ni kiharusi. Basi Abti akapewa sindano za kuzuia damu kuganda, nami nikapewa Abti.

Saa kumi na moja alfajiri tuliondoka Isiolo kwa lori lake. Alikuwa amejidunga tumboni kabla ya chai, akanikonyeza.

"Umeona? Kiharusi itapita wapi sasa?"

Nikacheka. Hata mimi niliamini tumeshafunga mlango.

Kipsing tulishuka kunyoosha miguu, vumbi limenigeuza rangi moja na mbuzi wa njiani. Abti alinisimulia wanawake watatu waliomkataa ujanani. Nikamwambia walikuwa na akili.

Saa nne tulikuta mnada wa Oldonyiro umechangamka. Abti na wenzake hawatangazi bei. Wawili hushikana mikono chini ya shuka na kuongea kwa vidole, waliowazunguka wakibaki kukisia. Abti akaingiza mkono wa kulia chini ya shuka la Lemaiyan, mfugaji anayejuana naye miaka mingi. Mara Lemaiyan akakunja uso, akalifunua shuka mbele ya watu wote. Mnadani hiyo ni aibu kubwa.

"Mzee Yusuf, mkono yako imelala. Unanipea bei ya kuku!"

"Ni usingizi ya gari," Abti alijibu, maneno mazito, mdomo umeenda upande.

"Lakini amejidunga leo!" nikasema kama mpumbavu.

"Sindano utauliza baadaye," Lemaiyan akanikemea. "Beba yeye!"

Mwalimu mmoja alitupakia kwenye gari lake jepesi, lenye kasi kuliko lori. Njia ya kurudi siikumbuki. Nililia mpaka Isiolo.

Hospitalini walimpiga picha ya kichwa. Kipande kilikuwa kimemeguka kweli.

"Dawa inapunguza hatari, haiimalizi," daktari alisema. "Mmefanya vizuri kutongoja. Mkono utarudi polepole."

"Kama haikunizuilia, ya nini?" Abti akanung'unika.

"Bila hiyo, mzee, pengine hungeweza kuniuliza."

Nilitumwa kumlinda Abti, nikalinda sindano. Aliyemwangalia Abti mwenyewe ni Lemaiyan. Sasa kila asubuhi namkagua mdomo, namfinyisha vidole vyangu, namsemesha, mpaka ananifukuza.