Shali Iliyoyeyuka Kwenye Beseni la Nyeupe

Dobi alizamisha mkono kwenye beseni kuitoa shali ya shemeji yake, mkono ukarudi na kitu kama utando wa buibui ulionyeshewa mvua. Akakitazama. Akarudisha mkono, akapapasa chini kabisa, labda shali yenyewe imebaki huko na hiki ni kitu kingine. Kulikuwa na maji tu, na soksi moja ya mtoto wa jirani, nyeupe pe.

Mtaani walimwita Bwana Mkunjo, maana shati likitoka mezani kwake, mkunjo wa mkono wa shati ungeweza kukatia mkate. Kazi aliirithi kwa baba yake pamoja na meza, pasi ya mkaa na kanuni moja: nguo zigawe mafungu matatu, nyeupe, za rangi na nyeusi, basi. Fungu la nyeupe huingia kwenye beseni la klorini, dobi akaenda kunywa chai yake polepole, akirudi anakuta zimetakata. Mashuka, sare za manesi, mashati ya makarani, hata zile blauzi za kuteleza ambazo kina mama huzileta wakisema "taratibu, baba, zisije zikachanika", zote zilipita humo na zote zilitoka salama. Shali ya shemeji ilikuwa nyeupe. Ikaingia pamoja na wenzake.

"Mama Mwalimu!" akaita. "Hebu njoo."

Mkewe akaja na mwiko mkononi. Akakiangalia kile kitambaa, akamwangalia mumewe, akarudi kwenye kitambaa.

"Umeifanya nini?"

"Nimeifua."

"Hiyo ndiyo kufua?"

"Maji yale yale, dawa ile ile, mkono ule ule. Na soksi hii hapa, nzima."

Mkewe hakugomba, na hapo ndipo dobi alipoanza kuogopa. Mke ambaye amegombana naye tangu ujana wao alivuta kigoda, akakaa, akasema kwa sauti ya mtu aliye hospitali: "Baba Mwalimu, juzi uliweka sukari kwenye mchuzi. Halafu ule ufunguo, umetuhangaisha nyumba nzima, kumbe umeushika. Dada anakuja kesho kuchukua shali yake. Na yeye ndiye anayesema tangu mwaka jana meza hii iuzwe, upumzike. Sasa mimi nitamjibu nini?"

Hilo ndilo lililomkaa dobi kifuani. Shemeji angenuna, kisha yangekwisha. Lakini kama kweli kichwa kimeanza kumchezea, kama alitia kitu kingine kwenye beseni na hakumbuki, basi meza itakwenda, na yeye atabaki kibarazani akiangalia wapita njia na mashati yao yaliyokunjamana.

Alasiri binti yao, ambaye ni mwalimu wa sayansi sekondari, akapita akitoka kazini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa hapo uniambie kama baba yako amekuwa mwehu."

Mwalimu akayashika yale mabaki, akayavuta kidogo, yakaachana kama mkate ulioloa. "Baba, hii ilikuwa hariri ya kweli. Ya mdudu. Ni protini, kama nywele zako."

"Zangu zimebaki ngapi hata uzitolee mfano?"

"Hizo hizo chache." Akachukua kopo la vibanio vya nguo, akaanza kuvibana kwenye kamba kimoja kimoja, chekundu, cha bluu, cha njano, vikabanana. "Chukulia kila kibanio ni asidi amino. Zipo za aina ishirini. Zinashikana, moja nyuma ya nyingine, mpaka unapata mnyororo mrefu. Mnyororo huo ndio protini. Umenipata?"

"Nimekupata." Hakuwa amempata, ila aliona haya kusema mapema hivyo.

"Sasa kila aina ina tabia yake. Hizi nyekundu hazitaki maji, zinakimbilia ndani. Za bluu zinapenda maji, zinabaki nje. Njano na njano zikikutana zinang'ang'aniana. Kwa hiyo mnyororo unajikunja. Jinsi vibanio vilivyopangwa ndiyo inayoamua umbo litakuwaje."

"Nani anaukunja?"

"Hakuna, baba. Unajikunja wenyewe."

Dobi akaweka kikombe chini. Katika maisha yake yote hajawahi kuona kitu kikijikunja. Shuka ukiliacha mezani leo, kesho utalikuta limelala vile vile, linakusubiri.

"Hata soksi zake hazijikunji," mkewe akadakia kutoka jikoni. "Nazikuta uvunguni."

"Na ukibadilisha kibanio kimoja?" dobi akauliza.

"Mara nyingine hakuna neno. Mara nyingine mambo yote yanapinduka. Wagonjwa wa selimundu, tofauti ni asidi amino moja tu katika mnyororo wa protini ya damu, na chembe zao zinapinda kama mundu."

"Moja?"

"Moja."

Dobi akavitazama vibanio vyake kama vitamng'ata.

"Sasa hariri," Mwalimu akaendelea, "ina vibanio vidogo vidogo vinavyojirudia, kwa hiyo minyororo inalala bapa, mmoja juu ya mwingine, kama mashuka yako kwenye rafu. Klorini inaikatakata. Rafu nzima inaporomoka. Pamba siyo protini, pamba ni mnyororo wa sukari, ndiyo maana soksi imepona."

"Sukari!" Dobi akasimama. "Mwanangu, sukari ndiyo inayoyeyuka. Naiona kwenye chai kila siku. Na nywele nazilowesha kila siku, haziyeyuki. Leo ya sukari imepona na ya nywele imeyeyuka?"

Mwalimu akavichomoa vibanio vyote kwenye kamba. "Tuanze upya, baba."

Wakaanza upya. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, maana mkewe naye alikuja kusikiliza, akauliza kama mchuzi ule uliotiwa sukari sasa ni pamba.

Mwishowe Mwalimu akachukua mkoba wake. "Fanya hivi. Choma uzi, unuse. Hariri inanuka nywele. Pamba inanuka karatasi. Plastiki, kama zile blauzi za kuteleza, inayeyuka, inakuwa tone gumu. Hapo huhitaji kunielewa."

Alipoondoka, dobi akakausha kipande cha shali juani, akakishika kwa koleo ya mkaa, akakitia moto. Ikamfikia harufu ile ile ya siku mkewe alipoinamia jiko na nywele za mbele zikaungua. Akachoma uzi wa shuka. Karatasi. Akachoma tena kimoja, tena kingine, mpaka mkewe akapiga kelele nani anaungua. Basi kumbe ni kitu kingine kweli. Rangi ilikuwa nyeupe, ndani ni kingine. Moyo ukatulia kidogo; kichwa hakikutulia hata chembe.

Kesho yake shemeji akafika, amejitanda mtandio mweupe. Dobi akamwonyesha mabaki kabla hajaketi, akaanza kujieleza: kuna vibanio ishirini, wengine wanaogopa maji, wengine wanashikana mikono, na shuka ni sukari.

Shemeji akamgeukia dada yake. "Mlikuwa mnanificha? Hali yake imefika huku?"

"Shemeji, nipe uzi mmoja wa mtandio wako."

"Ili iweje?"

"Nipe tu, kisha uuze meza."

Akauchomoa pembeni, kwa kununa. Dobi akautia moto. Uzi ukajikunyata, ukayeyuka, ukabaki tone gumu jeusi kwenye koleo.

"Huu ni plastiki," akasema. "Huu ungetoka mzima kwenye lile beseni. Ile shali ilikuwa ya mdudu, ndiyo iliyoniponza. Tangu leo, nyeupe haiingii majini kabla sijaichoma uzi."

Shemeji akainama kulichunguza lile tone, akalibonyeza kwa ukucha. "Na mwenye duka kaniapia ni hariri," akasema polepole. Akauvua mtandio, akamtupia. "Haya, fua nione. Ukiharibika, meza naibeba mwenyewe."

Dobi akaufua kwa sabuni tu, akauanika, akaupitishia pasi iliyopoa. Kisha akaulaza mezani, akarudi nyuma hatua, akausubiri kidogo. Haukuonyesha dalili yoyote. Akatikisa kichwa, akaukunja mwenyewe, pindo juu ya pindo.