Jiko Halilishwi kwa Pupa

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, nilipokuwa bi harusi mgeni katika nyumba za askari hapa Kampala, na mama mkwe wangu yuko njiani kutoka Kitgum kuja kuniachia jiko. Ngoja kidogo nichungulie jikoni. Haya, nimerudi. Usinicheke, tangu jana nilipomsikia kitukuu wangu akikohoa mgongoni kwako, mwili wangu haukai.

Wewe, mke wa mjukuu wangu, umelelewa Lubaga, hapa hapa mjini, kwenu mlipikia gesi, kwa hiyo huenda mila yetu hukuambiwa. Kwetu kaskazini mwanamke akiolewa hana jiko. Anapikia jiko la mama mkwe, hata kama mama mkwe anaishi mbali, mpaka siku mzee huyo atakapotamka kwamba sasa jiko ni lako. Kabla ya hapo wewe ni mgeni tu, hata ukizaa watoto wakajaa nyumba. Niliitaka kauli hiyo kuliko nguo mpya.

Jiko lenyewe lilikuwa la udongo, lina mdomo wa kuingizia kuni, tundu la hewa chini yake, na bomba la bati lililotokeza juu ya paa. Lakini mimi nilikuwa na akili zangu: mwanamke anayepima kuni ataonekana bahili. Nikataka mama akute moto wa kifahari. Nikalishindilia lile jiko mpaka mdomo ukaziba, kuni nyingine zimelowa mvua, nyingine ni mbao za rangi nilizookota kwa seremala wa Namuwongo, na chini nikawashia kaveera, mifuko ya plastiki, kama nilivyowaona majirani wakifanya. Haraka haraka haina baraka. Moto ulipanda kidogo, ukanuka, ukafa. Moshi mweusi ukarudi wote chumbani.

Mume wangu Okot, askari polisi, akatoka na sare yake. Zamu inamngoja, ana njaa, macho yanamchuruzika machozi. Akashika chupa ya parafini, akainamia mdomo wa jiko, na makaa bado mekundu chini ya zile kuni. Hapo ndipo mama alipoingia na mzigo wa simsim, yaani ufuta, kichwani. Hakusalimia. Alimpiga mwanawe kofi mkononi, chupa ikarukia nje kwenye matope.

"Unataka kuchoma bibi yako?" akamwambia. "Ukimwagia makaa parafini, moto inapanda mpaka kwa chupa, inakukamata uso. Mimi nimezika mutu hivyo."

Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimepiga magoti kumsalimu ndani ya moshi.

"Na wewe, mutoto yangu, unalisha jiko ama unaizika?"

Niliona aibu ambayo hadi leo ikinijia sikai kitini. Nikalia, na moshi ukanisitiri, maana hakuna aliyejua machozi ni ya nini.

Mama alisubiri makaa yafe, akatoa kila kitu. Majivu yaliyoziba tundu la hewa akayakomba, akayatia katika karai la chuma na kuliweka nje mbali na ukuta, kwa sababu jivu huficha kaa. Akapasua ukuni mkavu vijiti vyembamba kama kidole, akavipanga vikipishana ili hewa ipite, na jani kavu la mgomba chini yake. Akawasha. Hakuongeza kitu mpaka vijiti viliposhika sawasawa. Kisha ukuni mmoja, kisha wa pili, akiacha nafasi katikati. Mimi nilikuwa nasimama, nakaa, nasimama tena, mikono inaniwasha kutaka kusukuma.

"Ngoja," akasema. "Moshi ni kuni inatoroka. Unalisha majirani, sisi tunabaki na njaa."

Akakaa kwetu siku zake, akala, akapanda basi kurudi Kitgum. Ile kauli hakuitamka. Mwanangu, nilikonda.

Nikapikia jiko lisilo langu masika na kiangazi. Kuni nikazianika chini ya paa, pasipofikiwa na mvua wala cheche. Nikajifunza kwamba kuni haziongezwi pale moto ulipokwisha kufa, wala pale unapowaka kwa fujo. Zinaongezwa ndimi zinapopungua na makaa yangali mekundu: unayavuta makaa mbele karibu na hewa, unalaza ukuni mmoja au kuni mbili kavu juu yake, tundu la hewa unaliacha wazi mpaka moto ushike. Haba na haba hujaza kibaba. Bomba nalo nikalisugua masizi kila jiko lilipopoa, maana bomba likiziba humrudishia mpishi moshi wake.

Siku moja mama akaja bila kutuma habari. Akasimama mlangoni, akatazama juu ya paa, akatazama chumbani, akasema kwa huzuni, "Leo hamujapika?"

Nikasogea. Nyuma yangu sufuria ya malakwang, mboga chachu ya kwetu, ilikuwa inatokota. Wahenga husema palipo na moshi pana moto. Mama aliukuta moto, moshi hakuuona. Akakaa chini, akasema tu, "Hii jiko ni yako sasa."

Jana nimeona kaveera mkononi mwako, mwanangu, na mtoto mgongoni. Nikanyamaza, na usingizi ukanikimbia. Leo nasema, maana mchelea mwana kulia hulia yeye. Kaveera na mbao za rangi visiingie jikoni kwako, ni sumu kwa kifua cha mtoto. Parafini isisogee penye kaa. Anza na kuni nyembamba, kavu, na mdomo wa jiko usiujaze. Mtoto mshushe, umpe mtu akae naye mbali na moshi, na mlango uwe wazi. Ukiwa na haraka, kula ndizi mbivu, moto uuache.

Najua unangoja nikutamkie. Mama wa mumeo hayupo tena duniani, kauli imebaki kwangu, na mimi nimezeeka, naogopa kuchelewa. Hata hivyo leo siitamki. Mungu akulindie mikono na macho, amtulize mtoto wako kifua, na nyumba hii isikose kilichoiva. Kuni zako ziwake, zisitoroke. Na siku nitakapopita hapo mlangoni nikauliza, "Leo hamjapika?", usinijibu kitu. Sogea tu pembeni.