Kisu Langoni pa Boma

Boma letu sasa lina ua na lango moja: mwenye shida ya zahanati au baraza aingie, silaha zibaki nje. Juzi nimembeba mwanangu, homa imemshika, nafika langoni nakumbuka nina kisu cha ndizi kikapuni! Nikakisokomeza kwenye mbeleko, mimi msomi wa sekondari.

"Shikamoo, afande," nikamwamkia askari wa lango.

"Marahaba, mama. Una kisu?"

"Sina, afande, sina kabisa, haki ya Mungu!"

Akaguna. "Basi ndizi zangu nitazimenya kwa meno."

Mtoto akapiga teke, kisu kikadondoka miguuni pa afande. Akakiokota, akaanza kumenya.

"Mwahishe mtoto kwa daktari. Ila bwana mkubwa asisikie."

Niliapa sitamwambia mtu. Nimewaambia ninyi tu wasomaji. Mwingine simwambii tena.