Kiatu cha Kulia

Harufu ya mafuta ya taa hunirudisha kwenye lile ghala la ushirika lililofungwa, kwetu Hanang, ambako watoto tulicheza mpira wa magongo kwa viatu vya magurudumu vya mtumba. Sakafu ilikuwa laini, bado ina vumbi la ngano. Mimi na dada yangu tulikuwa na jozi moja. Tuliipaka mafuta ya taa, yeye akavaa cha kulia, mimi cha kushoto.

"Nishike bega, mdogo wangu," alisema, tukateleza pamoja kuufukuza mpira wa soksi.

Tulipomzika dada na kumaliza kumlilia, mama alinipa kile kiatu chake cha kulia.

"Sasa unavyo viwili. Nenda kacheze."

Nilivivaa vyote. Wenzangu walinisubiri, magongo mkononi. Sikuweza hata kusimama.