Mke wa Meja ameniletea maji

Banange, jamani, leo mke wa Meja ameniletea maji kwa mikono yake mwenyewe!

Kama hujaishi kambini hutaelewa. Hapa Makindye cheo cha mume ndicho cha mke. Wangu hana hata tepe moja mkononi, kwa hiyo mimi ni dagaa.

Kwenye timu yetu ya netiboli, sisi wake wa askari, kazi yangu ni kukata machungwa na kubeba chupa za maji. Nahodha ni mke wa Meja. Nani mwingine?

Leo tulicheza na wauza samaki wa Ggaba. Wale wana mikono, usiwachezee! Tulikuwa nyuma kwa bao moja nahodha alipoteguka mguu. Akatazama benchi. Nilikuwa peke yangu, na chungwa mdomoni.

"Mama Akello, ingia."

Nikaingia. Nikafunga. Nikafunga tena! Filimbi ikalia, tumeshinda!

Nikamwona anakuja akichechemea, chupa mkononi. "Kunywa, dada."

Dada! Mimi!

Nyumbani mume wangu hakucheka. "Umembebesha maji mke wa Meja? Kesho watanipeleka wapi?"

Hapo hapo simu yake ikalia. Akasimama wima katikati ya chumba. "Ndiyo, afande. Ndiyo, afande."

Akakata simu, akakunja mikono ya shati.

"Meja amesema upumzishe miguu. Leo napika mimi."

Sasa hivi yuko jikoni anatafuta chumvi.

Nimwambie ilipo, au nimwache kwanza?