Siku Niliyoisimamisha Nyumba ya Tatu

Kuna watu hapa Kitengela ambao hadi leo wakikutana nami sokoni hawanisalimu kwa takwenya kama watu waliolelewa, wanalia kama ndama. Mwanamke mzima, mwenye digrii ya historia na miwani ya kusomea, ninaliliwa kindama mbele ya nyanya na vitunguu! Basi acha nikieleze kisa hiki mwenyewe, maana wanaokisimulia hukitia chumvi, na chumvi ilikuwa imo tayari.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Babu yangu, aliyekufa zamani, alikuwa na wake watatu, na sisi tumetoka kwa yule wa tatu, Koko (ndivyo Wamaasai tunavyomwita nyanya), ambaye ndiye peke yake aliyekuwa bado hai. Sasa watu wa nyumba ya kwanza walikuwa na maneno yao ya chini chini, kwamba Koko hakuolewa, aliletwa tu kumsaidia mke mkubwa kukamua, kisha akasahau kurudi kwao. Maneno hayo hayakukosa harusi hata moja. Kwa hivyo ukoo ulipoamua kukutana Noonkopir ili tuandike kitabu cha familia kabla wazee hawajaisha, na mimi nikapewa utafiti (kwa sababu nilisoma historia, na kwa sababu sikuwa na ng'ombe wa kuchangia), nikajiambia kwamba safari hii nitawanyamazisha kwa karatasi ya serikali.

Karatasi yenyewe ilikuwa ya kodi. Mkoloni alitoza kodi kwa kila nyumba, na kwetu Wamaasai mke hujijengea nyumba yake kwa mikono yake, kwa hivyo ukijua boma lilikuwa na nyumba ngapi umejua mzee alikuwa na wake wangapi. Mkoloni alitaka fedha tu, lakini bila kujua alituhesabia nyanya zetu. Nikaenda Nairobi, kwenye jumba la nyaraka za kale, nikapekua madaftari siku tatu nikipiga chafya, na siku ya tatu jioni, wakitaka kufunga, nikaliona jina la Babu, na mbele yake: nyumba tatu. Tatu! Nusura nipige vigelegele mle ndani. Pembeni mwa ukurasa karani alikuwa ameandika maelezo kwa Kiingereza, mwandiko mdogo kama wa mtu anayeficha dhambi, na hapo ndipo nilipojichimbia kaburi, kwa maana nilisema hayo nitayasoma siku nyingine, tatu ni tatu, nikatolewa fotokopi nikaenda zangu.

Siku yenyewe tulikuwa zaidi ya mia chini ya mahema, mbuzi wakichomwa, mchungaji ameshaomba. Nikashika kipaza sauti. Ningesoma tu nikakaa, lakini hapana, nilitaka watu waone. Nikasema nyumba ya kwanza isimame, ikasimama. Nyumba ya pili, ikasimama. Nikawaketisha, nikavuta pumzi.

"Na sasa nyumba ya tatu, ile inayosemwasemwa, simameni mwonekane!"

Watu wetu wakasimama wote, akina mama na watoto mgongoni, na Koko akainuliwa kutoka kwenye kiti na shanga zake zote. Nikapunga ile fotokopi. Makofi! Ningekufa dakika hiyo ningezikwa shujaa.

Ndipo Sankale, binamu yangu wa nyumba ya kwanza, mwalimu wa sekondari kule Kajiado, akainua mkono kama yuko darasani.

"Profesa, na hayo ya pembeni?"

"Hayo ni ya karani tu."

"Soma yote. Ama mwandiko umekushinda?"

Mimi, kushindwa na mwandiko? Nikavaa miwani, nikaanza kusoma huku nikitafsiri papo hapo, kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

"Nyumba mbili zimelipiwa. Ya tatu haikutozwa kodi. Mzee anasema si ya mke, ni ya ndama. Nimechungulia. Kweli kuna ndama."

Watu wangu walikuwa bado wamesimama. Kutoka kule nyuma mtu akalia, "Mooo!" na mahema yote yakalipuka kwa kicheko, mchungaji naye akainamia Biblia mabega yakimcheza.

Nikajaribu kutengeneza. Nikawaeleza kwamba ndama wachanga hulala ndani ya kila nyumba ya Kimaasai, hata nyumba ya kwanza walilala, kila mtu anajua.

"Ni kweli," akasema Sankale, "lakini sisi tulilipiwa!"

Koko hakuwa akisikia vizuri, akawa anauliza wanacheka nini. Hakuna aliyetaka kumwambia. Nikamwendea mwenyewe, nikamweleza sikioni kwa Kimaasai, neno kwa neno, na wakacheka wakitutazama hadi walipoona uso wake wakaacha mmoja mmoja. Akaomba kile kipaza sauti.

"Nilikuwa ndani," akasema. "Nimekaa nyuma ya ndama, na mtoto kifuani, nimemziba mdomo asilie. Mzee aliniambia ninyamaze mpaka mtu wa kodi aende, nikanyamaza. Mtoto huyo ni baba ya huyu anayesoma." Akamgeukia Sankale. "Na wewe unayecheka, mama ya baba yako alipougua, baba yako alinyonya wapi? Muulize, si huyo hapo?"

Baba Mkubwa, baba yake Sankale, alikuwa ameinamisha kichwa, anakagua viatu vyake.

Kisha Koko akanigeukia mimi. "Utarudi huko, waandike nyumba yangu."

"Koko, yule karani alikufa. Hata serikali yake ilienda."

"Kitabu nacho kilienda?"

"Kipo."

"Basi andika. Wakidai kodi wape mtamba, ninao. Nimenyamaza ya kutosha."

Akakataa kukaa. Na sisi wa nyumba ya tatu, tuliokuwa tumesimama kwa aibu, hatukukaa pia. Tulikula nyama tumesimama, tukiwatazama machoni.

Nilirudi Nairobi. Bwana wa chumba cha kusomea aliniambia daftari ni mali ya serikali, nikitia hata nukta nitaitiwa polisi. Basi nikachukua fomu ya kuombea daftari, ile wanayoihifadhi wao wenyewe, na mahali pa kueleza sababu nikaandika: nyumba ya tatu ilikuwa na mke na mtoto. Akaipiga muhuri bila kuisoma.

Nimejifunza, ndiyo. Sitasoma tena karatasi mbele za watu kabla sijaisoma peke yangu, pembeni na nyuma. Lakini kuwasimamisha watu wangu, hilo sijutii, na anayetaka kulia kama ndama na alie.

Nilimpelekea Koko habari siku hiyo hiyo.

"Imeandikwa, Koko, na serikali imepiga muhuri."

"Kwa wino?"

"Kwa penseli. Mle ndani hawaruhusu wino."

"Rudi," akasema.